Mume Asiyemtafuta Mkewe

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama katika duka la vitabu hapa Wick, mji wetu wa bandari kaskazini mwa Uskoti, kitabu cha mke wangu mkononi, na msichana wa dukani akiniuliza kama ni zawadi. Nilimwambia ndiyo. Akanifungia kwa karatasi ya maua.

Nilikisomea ndani ya gari langu la kazi, bandarini, wakati wa chakula cha mchana, kwa siku sita. Nyumbani sikuweza kukifungua. Nyumbani ndiko alikoanza kukiandika.

Kwa msomaji anayeingia leo, naitwa Innes Geddes. Ni fundi wa boila, zile mashine za kupasha nyumba joto. Mke wangu Rhona aliondoka Februari ya mwaka juzi, bila ugomvi na bila kuaga, baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa. Siku mbili nilikaa kimya. Siku ya tatu nilikwenda kijijini Lybster kwa mama yake, Mama Chirsty, akaniambia mlangoni kwamba Rhona hayupo. Nikarudi. Baadaye nikasikia yuko Edinburgh. Baadaye zaidi nikasikia kitabu chake kinasomwa hadi Kanada.

Kitabu chenyewe ni hiki. Mwanamke aitwaye Ailsa anasukuma mlango wa nyumba kuukuu ya kuhifadhia barafu ya samaki, hapa hapa bandarini, na kujikuta mwaka 1715. Huko anakutana na Torquil, mwana wa mkuu wa ukoo, mtu wa upanga, shuka la miraba na maneno matamu. Nyuma yake anaacha mume, Gordon.

Gordon ni fundi wa boila. Gordon hula nyama ya kusaga na viazi kila Jumanne. Akiulizwa kama anampenda mkewe, Gordon hujibu, "Si nipo hapa?"

Maneno hayo niliyasema mimi, jikoni kwetu, nikiwa nimeshika uma.

Na mke anapopotea, Gordon hamtafuti. Karibu na mwisho Ailsa anarudi karne yetu kwa siku moja tu na kuwauliza majirani kama mumewe alimtafuta. Wanamwambia hapana. Anageuka, anarudi kwa Torquil, na ule mlango haufunguki tena.

Hapo nilikifunika. Maana mimi nilikwenda. Nilisimama kwenye ngazi za Lybster na mvua inaninyeshea. Niliamini kwamba Mama Chirsty alimpa binti yake habari zangu, na kwamba Rhona, alipofika kwenye sura ile, aliamua kuifuta safari yangu. Chuki niliyokuwa nayo wiki zile sitawaficha.

Sasa nianze ya leo.

Mteja mmoja ndiye aliyenitajia ule ukurasa wa mtandaoni ambako wasomaji huvipa vitabu nyota na kuandika maoni yao. Hakujua mimi ni nani kwa Rhona, maana Rhona alitumia jina la ukoo wa mama yake. Siku ile ile nilikula mkate wangu garini, simu imeegemezwa kwenye usukani, nikaanza kusoma.

Maoni yalikuwa elfu moja na mia nne. Niliyasoma yote.

"Nyota tano," aliandika mama mmoja wa Dundee. "Nimelia mara nne. Mume wangu akauliza nalia nini, nikamwambia nyamaza wewe Gordon."

"Nyota mbili. Nyumba za barafu hazikuwapo mwaka 1715, na hakuna mwanamume wa zama zile aliyeoga mara nyingi kama Torquil."

"Nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu Gordon hakufa."

Hiyo ya mwisho ilikuwa imependwa na watu mia mbili na sita.

Nilijizoesha. Nilikuwa narudi nyumbani, nawasha redio ili pawe na sauti, nakula nimesimama, kisha naenda kutazama kama kuna aliyeandika jipya. Mtu unaweza kufikia mahali ukawa na hamu ya kutukanwa, mradi usikose wa kukuzungumzia.

Kisha ikaja siku ya Bi. Bremner.

Bi. Bremner ni mwalimu mstaafu, na boila yake iko ndani ya kabati la jikoni, kabati refu la kuingia mtu mzima. Nilikuwa nimejibana humo, mlango umerudishwa nusu, wakati wenzake wanne walipofika na vitabu vyao. Ndiyo kwanza nikakumbuka kwamba Jumatano ni siku yao ya kusoma. Mwenyeji wetu alikwisha kunisahau.

Aliyeanza ni Dolina, muuza mikate.

"Mimi Torquil namsamehe yote," alisema. "Hata zile sura tatu za kuvua na kuvaa lile shuka. Lakini huyu Gordon, jamani. Huyu ni mume au ni kabati?"

Wakacheka. Mwingine akasema kabati lina nafuu, linatunza nguo.

Nami nilikuwa ndani ya kabati.

Wakaendelea. Mmoja alisema anamjua Gordon wa namna hiyo, amezaa naye watoto watatu. Mwingine alisema cha kuuma si ubaridi wa yule mume, cha kuuma ni kwamba hakuinua hata mguu. Mke amepotea, yeye anachemsha viazi. Bi. Bremner akauliza kwa sauti yake ya darasani kama labda Gordon alikuwa na hofu. Dolina akamjibu kwamba hofu haimzuii mtu kupiga simu.

Spana ikaniponyoka.

Nikasikia mtu ananong'ona, "Fundi yumo." Kisha mwingine, chini zaidi, "Si ndiye yule Geddes aliyekimbiwa?"

Nilitoka, nikafuta mikono, nikamwambia Bi. Bremner kwamba mtambo umekaa sawa. Dolina alikuwa mwekundu hadi shingoni. Alininyooshea sahani.

"Chukua skonzi, Innes," alisema. "Hatukuwa tunamsema mtu."

"Najua," nikamwambia. "Ni kitabu tu."

Nilikula ile skonzi garini, na nilipoimaliza nilifanya jambo la kipumbavu. Nilijiandikisha kwenye ule ukurasa. Jina nikaweka Jessie, la bibi yangu, na penye kuulizwa mwanamke au mwanamume, nikachagua mwanamke.

Jessie wa Wick alikipa kitabu nyota tatu. Aliandika kwamba kimeandikwa vizuri, lakini mume ameonewa. Aliandika kwamba mtu anaweza kunyamaza siku mbili kwa kuogopa jibu atakalopewa, na hiyo si sawa na kutokujali.

Walimrukia Jessie kama kuku wanavyorukia mtama. Mmoja alimpa pole kwa kuolewa na Gordon wake. Mwingine alisema wanawake kama Jessie ndio wanaotunyima Torquil. Nilisoma huku mashavu yananiwaka, kana kwamba Jessie ni dada yangu.

Siku ya tatu akatokea mtu aliyejiita Mfuma Sweta.

"Jessie, hauko peke yako," aliandika. "Nimekisoma mara tatu. Ukurasa wa arobaini na moja yule mume anatoka kabla hapajakucha kukwangua barafu kwenye gari la mkewe. Mwandishi anasema zile kelele zilimuudhi mke kitandani. Mimi nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Nikajiuliza ni nani aliwahi kunikwangulia mimi barafu maisha yangu yote."

Nililitazama jina "Jessie" na kusoma tena. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili mtu kunisemea jema, na hakuwa ananisema mimi.

Tukaanza kuandikiana pembeni, mbali na macho ya wengine.

Alikuwa mjane. Alikuwa akifuma sweta za mabaharia, ila siku hizi vidole vilikuwa vinamkataa. Alisema tangu Novemba anakula chakula chake akiwa amevaa koti, kwa kuwa boila imekufa, na fundi wa karibu ni mmoja tu, na yeye hana uso wa kumpigia. Mafundi wa Wick tuko watatu. Sikujishughulisha na hilo.

Nami nilimweleza yangu. Nilimwambia kwamba mume wangu aliniacha. Nilibadilisha mke nikaweka mume, mengine yote yalikuwa kweli. Nilimwambia kuhusu redio. Nilimwambia kwamba sijauhamisha mto wake kitandani. Na nilimwambia jambo ambalo sikuwahi kulitoa kinywani, wala wiki zilizopita sikuliandika hapa: kwamba siku ya kwanza baada ya kuachwa, niliufurahia ule ukimya. Nililala mchana. Nilidhani ni safari fupi, atarudi, na nyumba nzima ilikuwa yangu. Siku ya pili ndipo nilipofungua kabati la nguo.

Alinijibu baada ya saa moja.

"Ukimya wa siku ya kwanza una utamu wake, Jessie, usijilaumu. Mimi niko kwenye wa mwaka wa kumi na moja, na huu hauna ladha yoyote."

Tulikwenda hivyo wiki tano. Nikaacha kutazama maoni mapya. Nilikuwa namtazama yeye tu. Nikiwa kwenye paa la mtu, nikiwa chini ya sinki ya mtu, nafikiria nitakalomwandikia. Nilijua namdanganya. Kila jioni nilisema kesho nitamwambia, na kila kesho niliogopa kurudi kwenye redio.

Alhamisi moja, nikiwa garini nje ya nyumba ya mteja, ukaingia ujumbe mrefu.

"Jessie," uliandikwa, "baada ya haya ukiniacha nitaelewa. Mwandishi wa kitabu hiki ni binti yangu. Gordon yupo, jina lake silo hilo, anaishi huko huko kwenu Wick. Na alimtafuta mkewe. Siku ya tatu alikuja hapa kwangu, akasimama mlangoni amelowa, kofia mkononi. Binti yangu alikuwa chumba cha juu, usingizi umempata kwa mara ya kwanza tangu afike. Nikamwambia yule mwanamume kwamba hayupo. Nilidhani namlinda mwanangu. Alipoamka akaniuliza kama kuna mtu alikuja. Nikasema hapana. Jioni ile ile akapanda basi la Inverness. Sasa dunia nzima inamtukana mtu wa watu kwa uongo wangu, na binti yangu ameujengea kitabu. Kila mwezi anapiga simu, na kila mwezi nashindwa."

Chini yake akaandika: "Njoo Jumamosi, saa tisa mchana. Lybster, nyumba ya mwisho kabla ya kuteremka bandarini, mlango wa kijani. Nataka nimwambie mtu mmoja ana kwa ana, labda nitapata nguvu ya kuwaambia wengine."

Niliusoma mara ya kwanza nikiwa Jessie, na nikamwonea huruma. Niliusoma mara ya pili nikiwa Innes.

Mteja alikuja kugonga kioo cha gari kuuliza kama naingia. Nilimwambia nimepata homa, nikaondoa gari.

Basi Rhona hakufuta kitu. Rhona aliandika alichokijua. Alikuwa juu, ngazi kumi na tatu kutoka niliposimama, na aliamka akauliza kama nilikuja. Aliuliza.

Nilisimamisha gari bandarini na kuunakili ujumbe wote. Nikaufungua ule ukurasa wa maoni na kuubandika hapo, chini ya kitabu, pamoja na jina kamili la Mama Chirsty na kijiji chake. Ilibaki kubonyeza. Nilitaka watu wale elfu moja na mia nne wamgeukie yeye. Nilitaka alale na koti lake na asome.

Sijui nilikaa pale muda gani. Mwishowe niliyafuta maneno, mstari mmoja mmoja. Msidhani ni wema. Nilikumbuka tu kwamba nikimpoteza Mfuma Sweta, sina mwingine wa kumwandikia jioni.

Jumamosi nilipakia vifaa na kwenda Lybster. Ilikuwa mvua yenye theluji ndani yake, na saa nane na nusu taa za gari zilikwisha kuwaka.

Alifungua kabla sijabisha mara ya pili, uso umejaa tabasamu. Alikuwa na koti zito na kofia ya sufu. Alipoona ni mimi, tabasamu likakosa mahali pa kwenda.

"Innes," alisema.

"Mama." Neno hilo sikuwa nimelitumia kwa miaka miwili.

"Nani amekutuma?"

"Nimesikia boila yako imekufa."

Alitazama barabarani nyuma yangu, upande wa kituo cha basi. Akasema ana mgeni saa tisa. Nikamwambia sitachelewa. Kulikuwa na baridi ndani kuliko nje, na nadhani ndiyo iliyomfanya anipishe.

Kichujio cha mafuta kilikuwa kimeziba tope. Kazi ndogo, ya nusu saa kwa siku ya kawaida. Mimi ilinichukua zaidi.

Nilipokuwa nimepiga magoti nilimsikia akizunguka nyuma yangu. Alitandika kitambaa mezani. Alitoa vikombe viwili vyenye mstari wa dhahabu, vile vya Krismasi. Akaweka biskuti za siagi. Akaweka kitabu cha binti yake, kimejaa vipande vya karatasi kati ya kurasa. Kila baada ya dakika chache alikwenda dirishani.

"Basi limeshapita," alisema, na hakuwa anazungumza nami.

Boila ikakohoa, ikawaka. Mabomba yakaanza kugonga ukutani. Mama Chirsty alisogea akaweka kiganja juu ya bomba, akakiacha pale hadi joto lilipofika, macho ameyafumba.

"Umekisoma?" aliniuliza akiwa bado amefumba.

"Nimekisoma."

"Wanakusema vibaya sana huko, Innes."

"Nimeona."

Nilikaza parafujo ambayo ilikwisha kukazwa. Nilikuwa namngoja. Nilijiambia, akisema mwenyewe, hapa, kwa mdomo wake, nitaondoka nikiwa nimemsamehe na Jessie atabaki siri yangu hadi kaburini.

"Siku ile ulipokuja," alianza.

Nikaacha kukaza.

Alifumbua macho, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. "Mgeni wangu atakuwa amekwama njiani," alisema. "Haya, nashukuru, mwanangu. Nenda kabla barabara haijaganda."

Jessie angeambiwa yote. Mimi nilikuwa naambiwa barabara itaganda.

Nilikusanya vifaa. Nilinawa mikono kwenye sinki yake na kujifuta kwa taulo lake. Pale mezani palikuwa na viti viwili, kimoja karibu na jiko, kingine kinatazama dirisha, amekiwekea mto wa kufuma.

Nilivuta kile kinachotazama dirisha, nikakaa.

Alikuwa ameshika buli. "Innes," alisema taratibu, "hicho kiti kina mwenyewe."

"Najua, Mama. Ndiye aliyekaa."

Buli halikuanguka. Aliliweka mezani kwa mikono miwili. Alinitazama uso, kisha mikono, kisha uso tena, na nikaona wiki tano zote zinampitia machoni, kila alichoandika na kila alichoandikiwa. Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa tayari kwa hilo.

Alikwenda kwenye simu ya ukutani, akabonyeza namba bila kuzitazama. Ikaita mara nne. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba sauti iliyojibu nikaisikia pale nilipokaa, ile ile, na uzito wake wa mtu aliyetoka kuinuka kwenye meza ya kuandikia.

"Mama? Leo si mwanzo wa mwezi. Kuna nini?"

Mama Chirsty alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, midomo ikacheza bila sauti. Kisha akanigeukia, macho yamejaa, na kuninyooshea mkono wa simu.

Nikainuka, nikaupokea.

"Mama?" sauti ya mke wangu ikasema sikioni mwangu. "Uko na nani hapo?"